Nilivunja jiko la marehemu mke wangu hapa Igowole, kilichokuwa chini ya mafiga bado kinanitetemesha

Kamwene wakuu.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie.

Nimekuwa nikifuatilia nyuzi zenu za kukarabati majiko. Kuna yule wa Iringa mjini aliyeweka makabati ya mninga, na yule dada wa Mbeya aliyebadilisha sinki mara mbili kwa sababu fundi alikosea upande. Nimejifunza mengi kwenu.

Na mimi leo naleta ya kwangu. Picha sitaweka, na mkifika mwisho mtaelewa. Yote haya yamenitokea mwenyewe. Pale nisipojua, nitasema sijui.

Mke wangu, Mama Neema, alifariki mwaka jana. Alianguka shambani kwenye viazi, presha, hakuongea tena. Sikupata neno la kuagana naye.

Alikuwa na jiko lake la nyuma ya nyumba. Tofali mbichi, bati lililojaa masizi, mafiga matatu katikati, sakafu ya udongo. Wanaoijua Mufindi wanajua baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka hauoni choo chako. Jikoni ndiyo sebule yetu.

Tulipojenga nyumba ya tofali za kuchoma nilitaka nilivunje lile jiko, nijenge jipya la kuungana na nyumba. Akanijibu kwa upole tu, "Jenga unavyotaka Baba Neema, ila mafiga yangu yasiguswe."

Nikadhani ni mazoea ya akina mama. Binti yetu Neema, ambaye anafanya kazi Mbeya, akamletea jiko la gesi. Mama yake akashukuru, akawa anachemshia chai ya wageni. Chakula chetu kiliendelea kupikwa kwenye kuni.

Halafu kila Jumamosi alikuwa anasiriba sakafu kwa udongo. Alianzia kila mara sehemu moja, nyuma ya lile figa la upande wa ukutani. Pale alipapaka taratibu, kwa kiganja, mpaka panang'aa. Kwingine alipitisha haraka haraka. Niliona hivyo miaka yote, sikuwahi kuuliza.

Basi, mwaka mmoja tangu afariki ukakaribia. Neema akasema kwenye kumbukumbu ya mama watakuja watu wengi, wapishi hawawezi kulia na moshi, tujenge jiko la kisasa pale pale. Sinki, meza ya zege yenye tiles, sehemu ya gesi, dirisha kubwa. Alikuwa ananitumia michoro kwenye simu. Nikimtumia picha ya jiko lilivyo ananijibu, "Baba, masizi nimeyaona tangu nazaliwa, nitumie sinki."

Nikakubali. Nilijiambia kwamba mwenye mafiga hayupo tena, atakayenikatalia ni nani.

Nikampata fundi mmoja wa hapa hapa, kijana mcheshi. Siku ya kwanza alivyotoa mabati akasema, "Mzee, huu moshi ni wa tangu Uhuru." Tukacheka. Mafiga niliyatoa mwenyewe, nikayapanga chini ya mti wa plamu. Hilo peke yake liliniuma, lakini kazi iliendelea vizuri.

Siku iliyofuata asubuhi fundi alikuwa anachimba mtaro wa bomba la maji machafu ya sinki. Mchoro ulipitisha bomba pale pale nyuma ya figa la ukutani.

Nikasikia sururu imegonga kitu.

Nilipofika alikuwa amepiga magoti. Ndani ya udongo kulikuwa na chungu, kile cha zamani cha kufinyanga. Mdomo wake ulikuwa umefunikwa kwa kigae na kuzibwa kwa udongo. Fundi alishainua kigae. Ndani niliona kipande cha khanga kilichooza, na chini ya khanga vitu vyembamba, vyeupe, kama njiti.

Nikakaa pale pale kwenye kifusi.

Fundi alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. Akasema, "Mzee, haya ni mambo ya watu. Mimi nina watoto." Akaondoka, vifaa akaviacha.

Mnajua kijiji. Kabla ya mchana habari ilishafika sokoni. Chungu kimekutwa chini ya mafiga ya Mama Neema, kina mifupa. Wakaanza kuunganisha. Mmoja akasema ndiyo maana viazi vyake havikupata ugonjwa wa ukungu hata mwaka ule wa mvua nyingi. Mwingine akasema ndiyo maana alikataa jiko lisivunjwe. Mama aliyepika kwenye kila msiba wa mtaa huu, aliyeimba kwaya mpaka anakufa, kwa nusu siku akawa mchawi.

Sitawadanganya. Na mimi nilijiuliza. Nilikaa nikikitazama kile chungu nikajiuliza nililala na nani miaka yote ile.

Nikampigia Neema nikamweleza. Akaniuliza, "Baba, Mama alikuwa anafanya nini?" Nikamsikia analia, simu ikakatika.

Mdogo wangu alikuja na dumu la mafuta ya taa na watu wawili wa maombi. Alitaka tukichome palepale, halafu kumbukumbu tuifute, tusije tukamlilia mtu wa namna hiyo mbele ya watu. Nilimwambia asubiri. Sikuwa na sababu yoyote ya kumpa, nilisema subiri tu. Watu walishajaa uani.

Jambo moja nililiona lakini sikulielewa wakati ule. Bibi wawili majirani zetu walikuwa wamesimama kwenye ua na hawasemi chochote. Kila mtu anaongea, wao wameinamisha vichwa.

Mchana akafika dada mkubwa wa mke wangu, Mama Upendo, kwa bodaboda kutoka Nyololo. Sikumwita mimi. Nadhani mmoja wa wale bibi ndiye alimpigia. Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya watu, akavua mtandio wake, akafunika chungu. Ndipo akanigeukia.

"Shemeji, mwambie mdogo wako aondoe hayo mafuta. Huyu ni mwanao."

Wakuu, nimeandika hapo nikasimama kwanza. Sasa naendelea.

Kabla ya Neema, mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mimi nilikuwa Madibira kwenye kibarua cha kuvuna mpunga. Niliporudi nikamkuta nyumbani amelala, mama yangu anamuuguza. Mama akaniambia, "Mtoto hakukaa. Ya kina mama yameshamalizika." Kwetu enzi zile mtoto aliyezaliwa hajalia hakuwekewa matanga. Wanawake wanamzika wenyewe, na mwanaume haulizi wapi. Sikuuliza. Nilidhani wamemzika kule migombani.

Mama Upendo alieleza mbele ya watu wote, sauti haipandi wala haishuki. Walitaka kwenda kumzika migombani kweli. Ilikuwa mwezi wa saba na nje kuna ukungu. Mke wangu akamshika mkono mama yangu akamwambia, "Amezaliwa wa baridi. Msimpeleke kwenye baridi."

Wakamweka kwenye chungu, wakamzika jikoni kwake, nyuma ya figa, penye joto.

Ndiyo maana moto wake haukuzimika. Ndiyo maana gesi ilikuwa ya wageni.

"Mambo haya hayasemwi mbele ya wanaume," Mama Upendo akamaliza, "ila sitakubali mdogo wangu aitwe mchawi akiwa kaburini."

Mdogo wangu alichukua dumu lake, akaondoka kwa njia ya nyuma. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Wale bibi wawili ndio waliobaki, wakaja kukaa chini karibu na chungu. Kumbe walikuwepo siku ile ya kuzika.

Nikamuuliza Mama Upendo alikuwa wa kiume au wa kike. Akasema wa kiume.

Neema alifika kesho yake na basi la asubuhi. Nilimweleza yote. Akakaa kwenye kifusi, akasema, "Kumbe nina kaka." Akainuka, akaenda kwenye plamu kuchukua figa. Ni zito, nikamsaidia.

Mchungaji alikuja akaomba. Tulimrudishia mtoto udongo wake palepale, hatukumhamisha. Fundi naye amerudi, na kabla ya kushika sururu alienda kwanza kusimama kwenye kaburi la mke wangu. Bomba tumelipitisha upande wa pili, sinki limehamia dirishani. Meza ya zege imeshakauka na gesi itakaa juu yake. Mafiga yamerudi mahali pake na Neema aliwasha moto mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujavunja jiko la mama au la mke, tafuta wanawake waliozeeka naye uwaulize. Usiulize wanaume wenzako, hatujui kitu.

Jumamosi iliyopita nilisiriba mimi ile sehemu. Mkono wangu ni mzito, imebaki na mabonde, haing'ai kama yake. Nitazoea.

Sasa naomba msaada wenu. Jiko lote litawekwa tiles, isipokuwa ile kona, yenyewe inabaki udongo. Kama kuna fundi humu anajua namna ya kumalizia pale tiles zinapokutana na udongo, ili maji ya kudekia yasiingie upande ule, naomba anielekeze. Sitaki palowe.