Mwingereza Aliyeingia Ngomeni

Wendell Gaillard ni fundi wa viyoyozi kisiwani kwetu, nje kidogo ya Charleston, na kwa joto la huku hakuna asiyemsalimia. Lakini sifa yake kubwa ni kufa.

Kila Juni tunaigiza siku ile ya vita vya uhuru wa Marekani ambayo manowari za Mwingereza ziliipiga ngome yetu mizinga kutwa nzima, na magogo ya ukuta, laini kama ya mnazi, yakazimeza risasi bila kuvunjika. Tunavaa sare za enzi zile, tunafyatua baruti, Mwingereza anashindwa, tunakula kamba wa kuchemsha. Wendell alipojiunga, kila mtu alitaka kuwa Mmarekani. Yeye hajui kubishana, basi akavishwa koti jekundu.

Mama yake, Bi Odessa, hakufurahi. Mmoja wa mababu zake wa kale alikuwa ndani ya ngome ile siku ya vita. "Nimezaa adui," alikuwa akilalamika kanisani.

Lakini Wendell akaifanya kazi ya kufa kwa moyo wote. Alipigwa risasi, akazunguka, akamwita mfalme wake, akapiga magoti, akabadili mawazo, akasimama tena, ndipo akaanguka. Watu walikuja na viti vyao mapema ili wakae karibu.

Mwaka jana alianguka juu ya kichuguu cha sisimizi wekundu.

Tulimwona maiti akikunja mguu. Halafu akajikuna. Halafu akaruka juu.

"Wendell!" alifoka kamanda wetu, Thaddeus Boykin, ambaye siku za kazi hung'oa watu meno. "Lala! Umekufa!"

"Najua nimekufa! Wamo kwenye suruali!"

Pipa la maji lilikuwa ndani ya ngome. Wendell alitupa bunduki, akaupanda ukuta, akawapita Wamarekani kumi waliokuwa wakimfyatulia baruti tupu isiyo na risasi, akajitumbukiza mzimamzima. Katika vita vyenyewe hakuna Mwingereza aliyefika hata ukutani.

"Umeharibu historia, bwana!" Boykin alikaribia kulia.

Watazamaji walikuwa wamesimama wakipiga makofi. Bi Odessa akawapenya na chupa ya siki mkononi, akaanza kumpaka mwanawe mgongoni kutuliza mwasho, mbele ya kadamnasi.

"Mama, watu wanatazama."

"Watazame. Mimi nilikuogesha kabla hawajakujua. Geuka."

Wendell aligeuka. Akaanza kucheka, mama naye akacheka mpaka siki ikamwagika, na hata Boykin akashindwa kununa.

Mwezi uliofuata Boykin alimpelekea koti la buluu, la Kimarekani, limepigwa pasi. Wendell akalipapasa vifungo, akalirudisha.

"Nipigane mpaka mwisho kwenye jua lile? Hapana, kaka. Mimi napenda kufa mapema, nipumzike. Nitafutie tu mahali pengine pa kuangukia."