Presha Iliyoandikwa Kwenye Fomu

Jumatatu iliyopita, mwanzoni mwa masika haya ya 2015, Kasulu tulimpoteza wakala wa bima wa karibu na stendi, mtu aliyewakatia wengine bima za safari za mbali ilhali mwenyewe hakuwahi kupita Manyovu, hapo mpakani. Hatukuwa marafiki. Mimi ni fundi cherehani, nilimpunguzia suruali zake.

Mwaka juzi dada yangu alijifungua Ulaya, akamtumia mama tiketi. Nilimleta mama kutoka Munanila hadi ofisini kwake, na fedha ya bima ya miezi mitatu. Wakala akaisoma tiketi. “Fundi, mama anakaa siku arobaini. Tisini za nini? Na hii ya mizigo, mama, umebeba nini?”

“Vitenge viwili na maharage ya mjukuu.”

“Bima ya maharage hatukati.”

Tukacheka. Kisha akauliza kama mama ana ugonjwa wowote. Mama akauvuta mkoba wake karibu. Kwa wazee wetu, ugonjwa hautajwi kabla ya safari. Kuutaja ni kuuita. Nami, nikihofia bei kupanda, nikajibu, “Mzima kabisa.”

Akaweka kalamu chini. “Fundi, dawa za presha naziona mkobani. Siku nimekupunguzia, mizigo nimeitoa. Hapa naongeza. Ukidanganya hapa, umenunua karatasi tupu.”

Mama akageuza uso. “Iandike wewe, mwanangu. Mimi siitamki.”

Hata baada ya nyongeza ile, nilirudi na chenji. Wiki ya tatu mama akaanguka jikoni kwa dada, akalazwa. Dada akapiga simu akilia: kampuni inauliza kama ugonjwa ulitajwa. Nilikimbia na nakala ya fomu hadi kwa wakala. Akafunua ukurasa wa pili, akaweka kidole. “Huu hapa, umetajwa.” Nikakaa sakafuni. Kampuni ililipa hospitali yote, na mama akarudi akitembea mwenyewe.

Sisi wa kipato kidogo tunajua kubana, ila mara nyingi tunabana pasipofaa: tunalipia siku ambazo hatutasafiri, kisha tunaficha jambo moja litakalotuokoa. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilitaka kumpitisha mama humo.

Baada ya maziko ya wakala, mama aliketi mkekani karibu na mjane, akamshika mkono. “Nina presha,” akasema, kwa sauti ya kusikika na watu wote. “Mumeo ndiye aliyeiandika.”

Mjane akamsogezea maji ya kunywea dawa.