Mkunga Kijiko na Kitanda cha Nyuma ya Pazia

Alizaliwa mwaka 1931, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshona nguo, katika vyumba viwili vya kupanga karibu na kiwanda cha matofali. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa kike, tangu chupa ya maziwa hadi siku ya harusi. Kisha alisomea ukunga, akaajiriwa katika hospitali ya mji.

Wodi ile ilikuwa na desturi yake. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, asiyeweza kunyonya, alilazwa nyuma ya pazia bila kulishwa, mpaka afe. Waliita hilo kumpumzisha, na waliolifanya hawakuwa wakatili; wengi walikuwa waumini wa kila Jumapili. Mkunga huyu alikataa. Alimkalisha mtoto wima asipaliwe, akampa maziwa ya mama yake kwa kijiko, tone baada ya tone. Wenzake wakambandika jina la Kijiko, wakimuuliza kama na wao watabakishiwa uji. Muuguzi mkuu alimweleza kwa upole kwamba kila mahali pana wema wake: kwake kumpumzisha mtoto ni dhambi, kwao ni huruma. Alijibu, "Mama, njaa ya huyu mtoto haijui iko wodi gani."

Kanisa hufundisha kwamba yapo matendo ambayo nia njema haiwezi kuyafanya mema. Mwaka 1962 fundisho hilo lilimfikia nyumbani. Mdogo wake alijifungua binti mwenye kaakaa lililopasuka na moyo mbovu, na daktari alisema hatamaliza mwezi. Mdogo aliomba mtoto apumzishwe.

"Dada, wewe ndiye mama yangu. Nihurumie mimi."

Kijiko alilia mbele yake. Kisha akambatiza mtoto, na kwa kuwa mdogo wake alikataa kukamua, akaomba maziwa kwa akina mama wa vitanda vya jirani. Mtoto aliishi wiki tatu, akafa mapajani mwake.

"Umepata nini?" mdogo aliuliza. "Umeniongezea wiki tatu za kumpenda."

"Sikumlisha ili aishi, mdogo wangu. Nilimlisha kwa sababu alikuwa hai."

Hawakuzungumza tena. Kijiko alihamishiwa chumba cha kufulia, akafariki kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1979. Pazia liliondolewa baadaye, bila yeye kutajwa. Mama mmoja hushuhudia kwamba mwanawe alianza kumeza siku alipomwomba marehemu Kijiko amwombee kwa Mungu. Kanisa halijatamka lolote kuhusu utakatifu wake. Mdogo wake hakuja mazikoni.

Anayetaka kumwiga asitazamie shukrani. Na Kijiko atuombee sisi tunaolishika lililo jema mpaka siku linapomliza tumpendaye.