Kidevu cha Bibi

Ukoo mzima ulimwita Daktari, na alishachoka kuwaeleza kwamba yeye si daktari, anasomea kutengeneza meno ya bandia. Mjomba wake alikuwa na jibu moja tu: mtu akishavaa koti jeupe, hayo mengine wamalizane wenyewe huko chuoni. Basi akabaki Daktari, mpaka asubuhi hii ambapo ameketi kwenye benchi nje ya kliniki ya chuo, ubavuni mwa bibi yake, akiomba mlango usifunguliwe.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mdomoni mwa bibi huyo. Kila mwanafunzi wa muhula wa mwisho alitakiwa kutafuta mtu asiye na meno amtengenezee seti nzima, ya juu na ya chini, tangu kupima fizi hadi kumvalisha. Wenzake walihangaika huku na huko kutafuta vibogoyo. Yeye alikuwa naye nyumbani. Bibi hakuwa na jino hata la dawa, na ndiye aliyemlea tangu hajaota la kwanza.

Siku ya mtihani Bibi alitia fora. Mkufunzi alipomwambia aume, meno yalikutana sawasawa. Alipoulizwa kama yanamuumiza akasema hata chembe, akacheka mpaka magego yakaonekana. Daktari akafaulu. Kilichobaki kilikuwa ukaguzi mmoja mdogo, kuona kama fizi zimeyazoea, kisha alama zipelekwe mbele. Mjomba alikwisha kushonesha suti ya mahafali. Kliniki moja ilikwisha kumwahidi kazi, ilimradi awe amehitimu.

Halafu jana mchana akarudi nyumbani bila kutarajiwa, akaingia jikoni kunywa maji. Bibi alikuwa kwenye kigoda, sahani mapajani, akitafuna kwa fizi. Meno yalikuwa kando yake ndani ya kikombe, yamefunikwa kwa kisahani kama maziwa yanayofichwa paka.

"Bibi, mbona umeyavua?"

"Nayapumzisha."

"Hebu fungua mdomo."

"Sifungui. Mke mwenzangu, huna adabu wewe. Mtu yuko kwenye chakula unamwambia afungue mdomo?"

Alibembelezwa sana ndipo akafungua. Upande wa kushoto fizi ilikuwa imechubuka na kufanya kidonda. Daktari aliyaosha meno, akamvalisha taratibu, akamwambia jambo ambalo wakufunzi waliliimba tangu mwaka wa kwanza na ambalo yeye hakulifanya siku ya kupima: apeleke ncha ya ulimi nyuma kabisa ya kaakaa, ndipo aume. Bibi akafanya hivyo. Meno ya mbele yakaachana, pengo likawa la kupitisha kidole.

Mtu aliyekaa miaka bila meno huzoea kusukuma taya la chini mbele. Taya hilo lisiporudishwa nyuma wakati wa kupimwa, kipimo ni cha uongo, na kila jino litakalopangwa litafuata uongo huo. Hakuna tupa ya kurekebisha hapo, ni kuanza upya. Siku ile Daktari alikuwa na haraka, Bibi anamchekesha, nta ya kupimia inapoa, akapitisha tu. Naye Bibi alipoletewa meno akagundua mwenyewe kwamba akitoa kidevu mbele kidogo yanakutana. Akafanya mazoezi mbele ya kioo. Siku ya mtihani alikaza hivyo hivyo, huku yanamkata.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungehitimu lini?"

Jibu Daktari alilijua. Anayeshindwa kazi ya mdomoni anarudia muhula mzima.

Sasa pale kwenye benchi Daktari alikuwa akipiga hesabu. Angeweza kunyamaza. Angehitimu na wenzake, halafu amtengenezee Bibi meno mengine polepole, na nani angejua? Lakini huko kazini angeletewa bibi za watu, na kile kipimo hakuwahi kukipata sawa hata mara moja. Jambo hilo lilimtisha.

"Nisikilize," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Leo funga bakuli lako. Mengine utanitengenezea ukishapata kazi."

"Na watu wengine je?"

"Watu wengine wana wajukuu wao."

"Bibi, usifanye mzaha."

"Sifanyi. Muhula kwako wewe ni kitu kidogo, kwangu sio. Wenzangu nawazika kila kukicha. Nataka nikuone umevaa joho kwa macho yangu haya, sio uje kunisimulia kaburini."

Hayo ndiyo yaliyomchoma Daktari. Ngazi za kliniki tu Bibi alizipanda kwa kusimamasimama, mkono kifuani, akijifanya anatazama picha za ukutani. Kumnyima siku ya joho kulikuwa kama kumwibia, na msichana huyu hakumpenda mtu duniani kuliko kikongwe huyo mbishi.

Mlango ukafunguliwa. "Karibuni. Shikamoo Bibi," alisema mkufunzi.

"Marahaba, mwanangu."

Bibi akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, taa ikawashwa.

"Yanakwendaje?"

"Vizuri tu. Jana nimekula nyama."

"Hebu uma nione."

Bibi akatoa kidevu mbele. Meno yakakutana. Nje foleni ilikuwa ndefu, na mkufunzi hakuwa na sababu ya kushuku kazi aliyokwisha kuipitisha. "Safi," alisema, akaanza kuvua glavu.

Daktari aliona shavu la Bibi likitetemeka, na chozi limesimama kwenye kona ya jicho. Jicho lenyewe lilikuwa linamwamuru anyamaze.

"Kuna lingine?" mkufunzi aliuliza.

Daktari alifikiria suti ya Mjomba. Alifikiria zile ngazi, akatamani sana kusema hakuna. Kisha akapiga moyo konde.

"Bibi, peleka ulimi nyuma."

"Niupeleke wapi? Uko palepale ulipo."

"Nyuma ya kaakaa. Kabisa."

Bibi alikaza kidevu. Daktari akapiga magoti kando ya kiti, akakishika kwa kidole gumba, kama alivyopaswa kukishika siku ile. "Yanakukata, Bibi. Naona."

Kidevu kilitetemeka, kikang'ang'ana, kisha kikarudi polepole. Meno yakaachana mbele ya macho ya mkufunzi.

Mkufunzi alikaa chini tena. "Nani alichukua kipimo hiki?"

"Mimi."

"Unajua nikikifuta utabaki hapa muhula mwingine?"

"Najua, Mwalimu."

Bibi aliyavua meno, akayaweka kwenye kiganja cha mjukuu wake bila kumtazama, akatoka. Njia nzima hakusema naye. Nyumbani Mjomba aliposikia alisema afadhali suti haiozi. Hakuna aliyecheka.

Siku ya mahafali, nyimbo zikisikika kutoka uwanjani, Daktari alikuwa peke yake kliniki akipanga vifaa. Mkufunzi alikuwa amemwambia atafute mgonjwa wa kuanza naye upya, naye hakuthubutu kumwomba Bibi, kwa kuwa tangu siku ile walikuwa wakisalimiana tu. Akasikia mtu akihema kwenye ngazi. Bibi aliingia, amejifunga kilemba chake cha kutokea, akaenda moja kwa moja kwenye kiti.

Daktari alilainisha nta.

"Bibi, peleka ulimi—"

"Nimeupeleka tangu ngazini," Bibi alisema. "Na safari hii usiwe na haraka. Mimi nipo."

Daktari akakishika kidevu cha Bibi, akangoja nta ipoe.