Chupa Isiyo na Jina

Shule niliiacha darasa la tatu nikachunge ng'ombe, lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Niulize wote tuliobatizwa pamoja, ama ng'ombe waliopita kwa zizi letu hapa Kapseret, nitakutajia hadi uchoke. Hapa sitataja hata moja, maana wengine wako hai na hawapendi kuandikwa.

Mjukuu wangu, binti ya kifungua mimba wangu, alikuwa akisomea bakteria kule chuo cha Chepkoilel, na mwaka huo ndio alikuwa amalize. Wamama wa kanisa walikuwa wanangojea mahafali kuliko yeye mwenyewe.

Kazi yake alinieleza tukichambua mboga. Hawa wadudu wadogo huambiana mambo, kila mmoja akitoa tone la kemikali. "Ni kama vigelegele, kogo," akasema. Kogo ndivyo sisi humwita nyanya, mama ya mzazi. "Akipiga mama mmoja, hakuna anayetoka nyumbani. Wakipiga wengi, kijiji kizima kinajua kuna sherehe." Yeye alikuwa amewabadilisha wake ili wakisikia wito huo wang'ae kijani. Huo wito wenyewe, yaani hiyo kemikali, alikuwa ameukamua kidogo kidogo kwa miezi mingi, akauweka kwa chupa ndogo kama ya dawa ya macho. Jaribio la mwisho lilikuwa linangojea chupa hiyo tu.

Nikamuuliza kinachobaki anamwaga wapi. Akacheka. "Si kwa sinki. Wadudu wa mtaroni nao wana masikio." Wakubwa wa maabara huwapika wadudu hao kwa mtambo wa mvuke, kama presha kuka. Lakini mvuke unaweza kuua mdudu na ubakishe wito wake, kwa hivyo wito huulowesha kwanza kwa maji makali kama yale ya kutengenezea sabuni, hadi uvunjike.

Siku niliyompelekea maziwa, alinikalisha kwa benchi nje ya mlango. "Chakula hakiingii huku, kogo. Na wewe pia hauingii." Stima ilikuwa imepotea usiku, friji ikavuja, na yeye na fundi wa maabara walikuwa wakipanga chupa upya. Nilikuwa nawaona kwa kioo. Halafu akasimama na chupa moja ndogo mkononi. Lebo yake ilikuwa imelowa ikatoka.

"Si hiyo ni yako, ya wito?" fundi akasema. "Iko palepale ulipoiweka."

"Nadhani ni yangu. Lakini watu wengine wanatumia rafu hii, na wana chupa kama hizi. Hii itabidi ichomwe."

"Mama," fundi akaniita kupitia mlango uliokuwa wazi, "ongea na mjukuu wako. Mtoto akipotea sokoni hatumchomi, tunamuuliza kwao ni wapi."

"Huyu hajibu," mjukuu akasema.

Hata mimi nikaingilia. Nikamwambia mtu wa ukoo wetu hasahau, akumbuke vizuri, aandike jina lake juu yake, amalize shule.

"Kukumbuka si lebo, kogo. Nikikosea nitaandika uongo na watu watauamini. Na kama ni ya mwingine, sijui imechanganywa na nini. Kuna maji hapa yanapenya ngozi yakibeba kila kitu kilicho ndani yake."

Akaitia ndani ya mfuko mnene, akaandika juu yake kwamba haijulikani, akaupeleka kwa pipa la taka hatari zinazochukuliwa kuchomwa. Hakuifungua hata kuinusa. Fundi aliacha mzaha, akamshikia kifuniko.

Mahafali yalifika wenzake wakavaa majoho. Yeye alikuwa ndani ya maabara na koti lake jeupe, akikamua upya. Kanisani waliniuliza kama msichana ameanguka mtihani. Nikawaambia hajaanguka, amekataa kudanganya, na kama kuna mama anataka kucheka, acheke nikiwa nimeketi hapo.

Mimi nimeishi na watu wengi na majina yao yote ninayo, lakini nikihesabu wale ambao wangetupa kitu chao wenyewe kwa sababu hawana hakika, sifiki mbali.

Baadaye nilimuuliza kama siku ile ya chupa hakulia.

"Nililia, kogo. Nilitoa glavu, nikanawa mikono, nikaenda choo, nikalia."