Funda la Maji Kileleni

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, kwetu pacha alipokufa hakuliliwa. Wazee walisema machozi ya mama wa mapacha hufunga mvua, na mbaya zaidi, humwonyesha njia yule aliyebaki. Kwa hiyo kaka yangu Doto alipokufa kwa surua, nyumba yetu ilikaa kimya kama watu wote wamekwenda gulioni. Mama alipika, akateka maji, akafagia uwanja. Kulwa, pacha aliyebaki, alizunguka akiuliza mwenzake yuko wapi, akaambiwa ametangulia. Mimi ndiye Shija, jina apewalo kwetu anayezaliwa baada ya mapacha. Nilikuja nyuma yao, nikakua nyuma yao, nikivaa vilivyowabana na kula walivyobakiza.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, upande wa Shinyanga, na mvua ilikuwa imechelewa. Ng'ombe walibaki mbavu. Mbegu za pamba zilikaa ndani zikiliwa na panya. Leo naona kwamba watu walikuwa na hofu, na kwa hofu ile wakatafuta mtu wa kumtuma. Wakamtuma mama.

Nyuma ya kijiji kulikuwa na mlima wa mawe meupe ya chokaa. Chini yake wanawake walikwangua chokaa ya kupaka nyumba, lakini juu hakupanda mtu bila sababu. Desturi ilikuwa kwamba mama wa mapacha anapiga funda la maji kisimani, chini kabisa, anapanda nalo kinywani mpaka kileleni, na huko anayapuliza hewani. Asiyameze, asiyateme, asiseme neno. Akifika nayo, mvua itakuja, na pacha aliyebaki atabaki. Aende na pacha huyo, na yule aliyemfuata tumboni.

Bibi, mama yake baba, alitusindikiza hadi kisimani. Alikuwa mkali bibi yule. Hata jogoo wetu alimpisha njia. Lakini asubuhi ile alimkaza mama kaniki kiunoni kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka, akamwambia taratibu:

"Mama Kulwa, ukiyameza utampoteza na huyu."

Mama akainama, akapiga funda, mashavu yakajaa. Tukaanza kupanda.

Watu hudhani chokaa ni laini kwa sababu wanaijua ikiwa unga. Mlimani ina makali. Mvua za zamani zimeila ikabaki na meno kama ya msumeno, na ukiishika vibaya inakuchana. Tulipanda kwa mikono na magoti, Kulwa mbele akiruka kama mwanambuzi, mimi katikati, mama nyuma akinisukuma matako. Pimbi walituchungulia kutoka mashimoni. Kuna mahali pana ufa ambamo lazima uegemeze mgongo upande mmoja, miguu upande wa pili, ujisogeze juu kidogo kidogo. Hapo nikateleza. Mama alinidaka kwa gauni, nikaning'inia. Mtu mwingine angepiga ukelele. Yeye aliguna puani tu, macho yamemtoka, mashavu yamevimba kama mtu aliyefumaniwa na nyama ya chunguni. Nikacheka, sikuweza kujizuia. Na macho ya mama, kwa mara ya kwanza tangu Doto azikwe, nayo yakataka kucheka.

Nimeikumbuka sana nusu dakika ile.

Kileleni kulikuwa na upepo, na weupe uliotuumiza macho. Tuliona moshi wa garimoshi mbali, na vumbi la mifugo ikitafuta maji. Mama alisimama, akavuta pumzi kwa pua ili apulize. Hapo Kulwa, ambaye hakuna aliyemwambia anyamaze, akaweka viganja mdomoni akaita, "Doto!"

Genge la ng'ambo likajibu, "Doto!"

Nilirukaruka, nikasema ni yeye, ni yeye. Kulwa alitega sikio. Aliita tena, akatega sikio tena. Kisha akatugeukia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Siyo yeye. Angekuwa yeye, angeniita Kulwa."

Nililiona koo la mama likipanda na kushuka, mara moja. Mashavu yakalegea.

Kulwa alikuwa amekwisha geuka kutazama garimoshi. Mama akakunja midomo, akapuliza upepo mtupu, upande huu na upande ule, kama ilivyotakiwa. Alipomaliza akanitazama. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa ninachoombwa.

Chini, bibi aliuliza, na mama akaitikia kwa kichwa. Bibi hakutosheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. "Shija, ng'wanawane, mwanangu, amepuliza?"

Nikasema amepuliza. Hata leo mkiniuliza nitasema hivyo hivyo, na sijutii.

Mvua ilikuja kabla mwezi haujaisha. Watu walimletea mama kuku na mtama, wakamsifu. Wao walidhani mambo yamekwisha. Mama alijua kwamba mvua imekuja bila yeye, akaanza kulingojea lile la pili, la kumpoteza Kulwa. Kulwa akikohoa, mama hakulala. Kulwa akichelewa na ng'ombe, mama alisimama nje mpaka amwone. Kaka yangu alikua akilindwa kama yai, akachoka, na alipokuwa kijana akaenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, kama walivyokwenda wenzake wengi. Alirudi na mke, mtoto mmoja, na kifua kilichojaa vumbi. Alifia mikononi mwa mama.

Usiku wake, karibu na jiko, mama aliniambia neno moja tu. "Niliyameza."

Nilimweleza kwamba ni vumbi la machimbo, kwamba wenzake Kulwa nao wanakohoa, na mama zao hawajapanda mlima wowote. Alinisikiliza kwa upole, jinsi unavyomsikiliza mtoto anayeeleza ndoto yake.

Asubuhi wazee walikuja kumkumbusha kwamba pacha haliliwi. Mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, mimi nimemshika mabega kwa nyuma. Akafungua kinywa. Sote tulitarajia jina la Kulwa.

"Doto," akaita. "Doto wangu."

Alimlilia Doto kwanza. Alimlilia meno yake yaliyokuwa yameng'oka, na uji alioukataa siku ya mwisho, na jina lake ambalo hakuwahi kulitaja miaka yote ile. Jua lilikuwa limepinda alipofika kwa Kulwa. Hakuna mzee aliyemkataza. Hakukuwa na pacha tena wa kulindwa.

Mimi sasa ni mzee kuliko alivyokuwa bibi siku ile. Simchukii bibi, kwa maana niliiona mikono yake ikitetemeka. Lakini nimezika watoto wawili, na nimewalilia siku hiyo hiyo kwa sauti nilivyotaka, na ndipo nilipojua tulimnyima mama nini. Najua pia jambo ambalo wazee wale hawakulisema mbele yake kamwe, ingawa walilima na kuvuna kama sisi.

Mwaka ule aliolia, mvua haikuchelewa.