Kuku wa Mama Pacha

Mama Pacha aliibiwa pishi lake na wifi yake, mchana kweupe, jikoni kwake mwenyewe, na kilichotumika kuiba ni kalamu.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa mtaa. Kikundi kilitaka kutoa kitabu kidogo cha mapishi, kila mmoja na pishi lake na jina lake. Mama Pacha hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Herufi kwake zilikuwa kama nyayo za kuku kwenye majivu. Basi wifi akaja kumwandikia. Akavuta kiti, akakunja nne, akasema, "Haya wifi, wewe pika, mimi naandika. Usinifiche kitu."

Hakumficha. Alimwonyesha vipande vya kuku vilivyolowekwa kwenye maziwa ya mgando yenye chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Alimwonyesha unga wa ngano uliochanganywa na unga laini wa mahindi na beking pauda kidogo, ukapigwa na yai na maji baridi mpaka ukawa mzito kama uji wa mtoto anayeota meno.

"Ukishakoroga, uache ulale," alisema. "Wewe huku unafuta vipande kimoja kimoja mpaka vikauke, maana kuku mwenye maji havai."

Kisha kipande kinapakwa unga mkavu, kinachovywa kwenye ule uji, kinaingia karaini. Kinatoka kikiwa bado cheupe, kinapumzika juu ya wavu, kinarudi tena kwenye mafuta makali mpaka ukikigonga kwa ukucha kinaitika. "Na usimfunike. Ukimfunika anatoa jasho, na akitoa jasho amekwisha." Wifi aliandika kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika paja la kuku.

Kitabu kilipotoka, Mama Pacha aliutambua ukurasa wake kwa mchoro wa paja la kuku. Alikifunga kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni aliyeingia alikitazama kabla ya kukaribishwa chai. "Huyu hapa ni mimi," aliwaambia, akiweka kidole chini ya mchoro. Mwaka mzima. Wageni walitazama kidole, wakatazama jina, wakasema, "Hongera."

Ni jirani yake, fundi cherehani, aliyeshindwa kuvumilia.

"Shoga, nikuambie usinichukie?"

"Sema."

"Hapo unapoweka kidole pameandikwa jina la wifi yako."

Mama Pacha aliondoa kidole kama kilichorukiwa na mafuta. Jioni alimfuata mumewe, seremala, akiwa bado anapiga randa uani.

"Ulijua?"

"Nilijua. Sasa mke wangu, si jina tu hilo? Nyumba yetu ni moja."

"Kama ni jina tu, kile kitanda ulichomaliza juzi waambie watu kimetengenezwa na jirani."

Mume aliendelea na randa. Damu ni nzito kuliko maji, na mke, hata akizaa wawili kwa mpigo, kwa watu kama hawa hubaki maji.

Baadaye nesi wa zahanati alistaafu, na kikundi kikaamua kumuaga kwa chakula. Mwenyekiti akasema kuku apikwe na mwenye ukurasa wake. Mama Pacha alisubiri wifi aje japo kuuliza. Hakuja. Siku ya shughuli alipewa kisu na gunia la viazi amenye nyuma ya ukumbi, na hapo ndipo wifi alipopita na beseni la uji wa unga. Lilinuka uchachu hatua tano mbali.

"Wifi, huo umechacha. Umeukoroga lini?"

"Jana. Wifi, kila mtu ashike kisu chake."

Akashika kisu chake. Vipande vya kwanza vilipotolewa, ganda lilibaki karaini na kuku akatoka uchi. Vya pili vivyo hivyo. Muuza mitumba mmoja wa kikundini akachungulia, akauliza, "Jamani, huyu amekuja kuliwa au kuoga?" Wakacheka mpaka walioko mlangoni.

Wifi akafuta mikono kwenye kanga. "Msinitazame mimi. Pishi hili si langu. Ni la wifi yangu, Mama Pacha. Mimi niliandika alivyonielekeza, neno kwa neno."

Mwaka mzima jina lake lilikuwa halijulikani lilipo. Leo likapatikana.

"Nilisema ulale," Mama Pacha alisema. "Sikusema ulale usiku."

"Kulala ni kulala," muuza mitumba akamjibu. "Au uji wako ni mlinzi, unalala mchana?"

Mama Pacha alimwomba fundi cherehani asome kitabu kwa sauti. Akasoma: "Uache ulale usiku mmoja."

"Hilo 'usiku mmoja' ni la nani?"

Papo hapo nesi akaingia, ikabidi watu wapige makofi.

Tangu hapo lipu ikibanduka ukutani, mafundi husema ni kuku wa Mama Pacha. Rangi ya kucha ikikatika, kuku wa Mama Pacha. Mwenyewe alikaanga kuku mmoja mzima kwa mikono yake, wa kuitika, akampelekea mwenyekiti nyumbani kwake. Mwenyekiti alikula mpaka mfupa, akalamba vidole, akasema, "Afadhali safari hii umepatia."

Kitabu kitachapwa upya, na fundi cherehani anasema ukurasa wa kuku sasa una jina la Mama Pacha, na "usiku mmoja" umo vilevile.

Wifi anadaiwa asimame ukumbini, mbele ya walewale, aseme pishi lilikuwa la Mama Pacha tangu mwanzo, na usiku ule ni wake yeye mwandishi. Akimaliza kusema, aufute kitabuni kwa kalamu ileile. Na seremala anadaiwa amwambie dada yake hivyo. Anaonana naye kila Jumapili. Bado hajamwambia.